Sura ya Saba: Milimita Tatu za Juu

Zege la jamvi la nyumba ya kawaida huwa na unene wa sentimita 10 hivi. Karibu unene wote huo upo kwa ajili ya kubeba mzigo, na baada ya siku ya kumwaga hakuna atakayeuona tena. Miguu, viti vinavyoburutwa, maji ya kudekia na baiskeli ya mtoto hukutana na milimita mbili tatu za juu tu. Hizo ndizo huchakaa, hizo ndizo hutoa vumbi, na hizo ndizo mgeni huzisifia au huzinyamazia. Hadena ya rangi ilibuniwa kwa ajili ya milimita hizo.

Hadena hii ni unga mkavu. Ndani yake mna saruji, mchanga mgumu wa kwatzi uliochekechwa kwa ukubwa maalumu, rangi ya madini, na viambato kidogo vinavyousaidia unga kunywa maji kwa usawa. Fundi huurusha juu ya zege likiwa bado bichi, kisha huusugua mpaka uwe mwili mmoja nalo. Kwa kuwa umeganda pamoja na zege, hauna tabaka la kumenyuka kama rangi ya kopo, wala kiungio cha kuachia kama kigae. Wauzaji husema uso uliopigwa hadena unaweza kupita megapaskali 50, wakati zege lililo chini yake ni la 25. Namba hiyo iko mikononi mwa fundi kuliko kiwandani, na sehemu kubwa ya sura hii itaeleza kwa nini.

Afrika Mashariki imekanyaga sakafu za namna hii tangu zamani, kabla mifuko ya hadena haijaonekana madukani. Nyumba za misheni, mabweni ya shule, ofisi za serikali na maduka ya Wahindi zilisakafiwa kwa saruji iliyotiwa unga mwekundu wa oksaidi, kisha zikapigwa nta nyekundu mpaka zikang'aa. Aliyelala bweni anaijua harufu ya nta ile, na anaijua rangi iliyobaki kwenye magoti na soksi. Njia waliyoitumia mafundi wengi ilikuwa rahisi kuieleza: sakafu ikiwa bado mbichi, hunyunyiziwa saruji kavu iliyochanganywa na unga mwekundu, kisha husuguliwa kwa mwiko wa chuma. Hiyo ilikuwa hadena iliyochanganywa kwenye karai. Zilizofanywa kwa uangalifu zinatembelewa hadi leo, na zimezidi kuwa nzuri kadiri miguu inavyozisugua.

Wekundu huo ni oksaidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wa Kiambu rangi yake. Ni kutu, kwa jina la mtaani. Chuma kilichokwisha kuwa kutu hakina pa kwenda zaidi, kwa hiyo jua halikifubazi na saruji haikili. Njano ya sakafu nayo hutoka kwenye oksaidi ya chuma yenye maji ndani yake, nyeusi hutoka kwenye oksaidi nyingine ya chuma hicho hicho, na kijani hutoka kwenye oksaidi ya kromiamu. Sharti kubwa ni rangi kuvumilia ukali wa saruji, maana saruji mbichi ni alikali kali yenye pH zaidi ya 12. Bluu ya Prussia, inayopendeza sana kwenye karatasi, ikiingia humo huvunjika na kuacha udongo wa kahawia. Kwa hiyo rangi ya unga inayouzwa kwa kupimwa kwenye mfuko usio na maandishi usiinunue mpaka umejua ni madini gani.

Huko Marekani kazi hii ilifanywa kuwa biashara kamili. Kampuni ya L. M. Scofield ilianzishwa Los Angeles mwaka 1915, ikajenga jina lake juu ya rangi za zege. Mwaka 1937 mbunifu wa majengo Frank Lloyd Wright alimaliza nyumba ya familia ya Jacobs mjini Madison, Wisconsin, nyumba ya watu wa kipato cha kawaida, akaiwekea sakafu nyekundu ya zege iliyochorwa mistari ya miraba ya futi 2 kwa 4, na mabomba ya kupashia joto chini yake. Mbunifu aliyeweza kuchagua chochote alichagua zege jekundu sebuleni, na mistari ile ya sakafu ndiyo iliyopanga kuta zilipokaa. Katika miaka ya 1950, huko California, Brad Bowman akaanza kugandamiza zege bichi kwa vyuma vyenye umbo la mawe na matofali. Zege la muhuri, linaloonekana leo kwenye njia za hoteli na nyumba za kifahari, limetokana na kazi hiyo. Hadena ya rangi ndiyo ngozi yake. Bila uso mgumu wenye rangi, mihuri ingeacha alama za kijivu zinazolika haraka.

Kuna anayeuliza: kwa nini rangi isichanganywe tu kwenye zege lote tangu mwanzo? Inawezekana, na mahali pengine ndiyo njia bora, hasa pale ambapo kingo zitavunjika na kuonyesha ndani. Lakini piga hesabu. Mita moja ya mraba ya jamvi la sentimita 10, lenye saruji kilo 320 kwa kila mita ya ujazo, ina saruji kilo 32. Rangi ya asilimia 5 ya saruji hiyo ni kilo 1.6. Baraza la mita 4 kwa 6 litakula kilo 38 za rangi, na sehemu kubwa itazikwa pasipofika jicho. Hadena kwa rangi za kukolea huhitaji kilo 3 hivi za unga kwa mita ya mraba, na hata tukisema sehemu moja ya kumi ya unga huo ni rangi, baraza zima limetumia kilo 7 na kidogo. Rangi nyepesi, kama ya mchanga au ya krimu, hudai zaidi, kilo 4.5 hadi 5, kwa sababu ukijivu wa zege hupenya kutoka chini.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo kazi hii hufaulu au kufa.

Zege likishamwagwa na kusawazishwa kwa rula, mawe na saruji huanza kutulia kwa uzito wao, na maji yasiyokuwa na pa kukaa hupanda juu. Mafundi husema zege linatema maji. Uso hung'aa. Baada ya muda maji hayo huondoka, mengine kwa jua na upepo, na mng'ao hufifia mpaka uso unakuwa na rangi iliyopooza. Muda huo haupimwi kwa saa ya ukutani. Dar es Salaam mchana wa Februari, kwenye baraza lisilo na kivuli, unaweza kupita ukiwa umegeuka kutafuta karai. Njombe mwezi Juni, asubuhi ya ukungu, unaweza kungoja mpaka chakula cha mchana. Ubao mmoja wa jamvi unaweza kuwa na nyakati mbili, nusu iliyo juani ikiwa tayari na nusu iliyo chini ya kivuli cha ukuta bado inametameta.

Ukirusha unga maji yakiwa bado juu, unatengeneza uji. Saruji ya hadena inapata maji mengi kuliko inavyohitaji, na kila tone la ziada likikauka baadaye huacha tundu. Uso unakuwa laini, unatoa vumbi, na rangi inaelea kama mawingu. Maji yaliyokuwa bado yanapanda yanazibiwa njia, yanajikusanya chini ya ngozi, na miezi michache baadaye ngozi hiyo inabanduka. Nimeona baraza la namna hiyo Tanga: wekundu umetoka vipande vya ukubwa wa kiganja, na chini yake zege la kijivu lililo zima kabisa, halina kosa. Mwenye nyumba alilaumu rangi. Rangi haikuwa na hatia. Vipande vilivyobanduka vilikuwa bado vyekundu kama siku ya kwanza.

Ukichelewa, kosa ni kinyume chake. Zege limeshika, halina unyevu wa kuutoa, na unga unabaki mkavu juu yake kama vumbi la barabarani. Hapo ndipo kishawishi kikubwa kuliko vyote hutokea, yaani kuchovya brashi kwenye ndoo na kunyunyizia maji ili unga ulainike. Usikubali. Maji hayo hubaki juu, hayaingii kuunganisha kitu, na sakafu hiyo itaanza kumenyuka kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Faida yote ya hadena imo katika jambo moja: unga mkavu hufyonza maji ya ziada kutoka kwenye uso wa zege, na uso wenye maji machache na saruji nyingi huganda mgumu kuliko kilicho chini yake. Anayeongeza maji anaifuta faida hiyo kwa mkono wake.

Wazee wa chokaa wa Lamu na Unguja nao waliutafuta uso mgumu, ila kwa njia ya jasho. Sakafu zao za mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko zilipigwa kwa vipande vya mbao kwa siku kadhaa, watu wengi kwa pamoja, mpaka uso ukashikamana.

Fundi mzuri wa hadena hutambulika kabla hajagusa mfuko. Huzunguka jamvi, hupiga magoti pembeni, hutazama uso kwa ulalo dhidi ya mwanga, maana mng'ao wa maji huonekana vizuri zaidi kwa kuutazama ukiwa chini. Hugusa kwa kidole. Kidole kikitoka na maji, anakaa. Kikitoka kimechafuka tu na shimo dogo likabaki, anawaita wasaidizi.

Theluthi mbili za unga huenda kwanza. Kwa baraza letu la mita za mraba 24 na kilo 72 za unga, hiyo ni kilo 48, na zinatengwa kwenye ndoo zake kabla ya kuanza ili mtu asimalize unga wote upande mmoja. Mrushaji huanzia kingoni, kwenye kuta na nguzo, kwa kuwa huko hukauka mapema. Mkono wake hupita chini, usawa wa kiuno, na unga hutoka pembeni mwa vidole ukisambaa kama mbegu za mtama shambani, ukitua kwa wembamba. Ukirushwa kwa kuinua mkono juu, chembe nzito za mchanga hufika mbali na rangi nyepesi hupeperushwa kwa jirani. Ukidondoshwa fungu, pale pataganda doa ambalo halitoki.

Halafu anangoja tena, na hapa kuna jambo zuri la kutazama. Unga ulikuwa umepauka, wekundu wake ukiwa na vumbi. Polepole unaanza kukolea kutoka chini, vidoa vidogo kwanza, kisha mabaka, kisha eneo zima linakuwa na rangi nzito ya unyevu. Zege linaunywesha. Unga ukishalowa wote bila baka kavu, ndipo kibao cha mbao kinapopita kuusugua ndani. Kiwe cha mbao, kwa sababu mbao huacha uso wazi na maji yanaendelea kupanda kuja kwenye unga wa pili. Mwiko wa chuma ukitumika mapema hufunga uso, na theluthi iliyobaki itakosa cha kunywa. Theluthi hiyo hurushwa kwa kukatisha mwelekeo wa kwanza, hunyweshwa, husuguliwa kwa kibao, na ndipo mwiko wa chuma unaruhusiwa. Kusugua kupita kiasi kwa chuma zege likiwa limekaza huacha mabaka meusi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi na ujue kuacha.

Ni lazima niseme neno kuhusu niru, maana wengi huichanganya na kazi hii. Niru ni saruji iliyokorogwa kwa maji na kupakwa juu, mara nyingi sakafu ikiwa imeshakauka, na wengine huitia rangi. Inapendeza siku ya kuhamia. Lakini ni ngozi nyembamba yenye maji mengi na haina mchanga wa kuisimamisha, kwa hiyo hupata nyufa za utando na hulika njiani kuelekea jikoni. Vivyo hivyo kunyunyiza rangi tupu bila saruji wala mchanga. Chembe za rangi ni ndogo kuliko za saruji na hazigandi zenyewe. Zinahitaji saruji ya kuzishika. Anayechanganya mwenyewe asipitishe rangi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa saruji. Apime kwa mizani, si kwa kopo, kwa maana kopo la rangi na kopo la saruji hayalingani uzito. Kupita kiwango hicho hakuongezi wekundu, kunaongeza udhaifu. Aongeze mchanga safi, mgumu, uliokaushwa, na achanganye unga wote wa kazi nzima siku moja, kwa kuwa karai la leo na la kesho hayatatoa rangi moja. Mwenye kutaka krimu au njano safi atumie saruji nyeupe.

Lipu nyembamba ya sentimita 2 juu ya jamvi kuukuu haifai kwa hadena: haina maji ya kutosha kuunywesha unga, na jamvi kavu la chini linayanyonya hayo machache. Ama zege lenyewe lipigwe likiwa bichi, ama lipu iwe nene na jamvi liwe limeloweshwa na kusafishwa. Baraza la nje lifunikwe kwa turubai kabla ya kumwaga, na viungio vya kukatia zege vipangwe kila mita 2.5 hadi 3 kwa unene wa sentimita 10. Zege litapasuka tu, na ni heri lipasuke kwenye mstari uliouchora wewe.

Baada ya kuganda sakafu bado inahitaji unyevu ili ikomae, angalau siku 7, na rangi huleta ugumu hapa. Nailoni ikilazwa juu yake hugusa sehemu na kuacha sehemu, na kila kunjo huandika alama yake. Maranda ya mbao huchafua. Watengenezaji wa hadena hupendekeza dawa ya kupulizia inayofunga unyevu ndani, na kwa baraza lenye thamani naona ni gharama ya halali. Anayetumia maji ayaweke sakafu nzima bila kukatisha, na yawe maji safi. Kisima cha chumvi, na pwani tunavyo vingi, huacha weupe unaong'ang'ania. Weupe mwingine hutoka ndani ya saruji yenyewe: chokaa huyeyuka, hupanda juu, hukutana na hewa ukaa na kugeuka kuwa unga mweupe, ule tunaouita magadi. Juu ya zege la kijivu hauonekani sana. Juu ya jekundu au jeusi unaonekana kutoka barabarani. Mara nyingi hupungua kwa kuoshwa na kwa muda, kwa hiyo usikimbilie tindikali, ambayo inakula saruji pamoja na chokaa.

Vifaa vya usalama havijadiliki. Unga huu una silika, na silika ikiingia mapafuni kwa miaka huleta ugonjwa usiopona. Anayerusha avae barakoa inayozuia vumbi laini, kwa maana kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii. Saruji mbichi huunguza ngozi bila maumivu ya kutahadharisha, na saidia fundi aliyepiga magoti mchana kutwa kwenye zege kwa suruali iliyolowa anaweza kugundua usiku kuwa magoti yamechunika. Glovu, gambuti na vibao vya kupigia magoti viwe kwenye orodha ya manunuzi pamoja na saruji, na mwenye nyumba ndiye avinunue.

Mwisho ni malipo, na hapa ninamsemesha mwenye nyumba moja kwa moja. Kazi ya sakafu kwetu hulipwa kwa mita ya mraba. Kwa mpango huo, kila dakika ambayo fundi amekaa akingoja maji yaondoke ni dakika anayoitoa mfukoni mwake, na kesho ana kazi nyingine Mbagala au Kasarani. Ndiyo maana unga hurushwa mapema, na ndiyo maana maji hunyunyizwa pale ulipochelewa. Sakafu nyingi zinazobanduka zimebandukia kwenye mapatano kabla saruji haijafika. Ukiamua kupiga hadena, mwambie kwanza fundi akutengenezee kipande cha mita moja kwa moja, kwa zege lile lile na unga ule ule, ukikanyage na kukiosha kwa mwezi mzima. Ukiridhika, mlipe siku ya kumwaga kwa siku, si kwa mita, mtafutie kivuli na chakula, na usimwulize kwa nini amekaa.